Mkuu wa Nchi Apumzika Mtitima

Nchi yetu ina jina zuri, lakini sitalitaja, kwa sababu kulitaja katika maandishi kunahitaji kibali, na afisa wa vibali yuko semina. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani. Amani yenyewe ni nyingi kiasi kwamba mtu akiuliza swali, huhesabiwa ameivunja.

Mimi ni Mkuu wa Idara ya Mkasi na Utepe, Ikulu. Msicheke. Wakuu wa Nchi huja na kuondoka, lakini mkasi unabaki, na anayeubeba juu ya mto wa mahameli kwenye kila uzinduzi ni mimi. Nimewabebea wengi. Leo nataka kumsimulia mmoja tu, Profesa Anatoli Lugembe, na nikimkumbuka napandwa na hasira mpaka kofia ya kazi inanibana, ingawa mtumishi wa cheo changu haruhusiwi kukasirika kabla ya saa za kazi kwisha.

Profesa Lugembe alikuwa mtaalamu wa miamba. Serikali ilipoamua kujenga bwawa kubwa la umeme katika bonde la Mtitima, ilimtuma akachunguze mwamba ambao ukuta ungeegemea. Alikaa kule muda mrefu, amepanga chumba kwa Mama Editruda, mpika pombe wa kijiji kilichoko chini kidogo ya pale palipopangiwa ukuta. Mama huyo ana moyo mpana, na mdomo mpana zaidi. Profesa alikula ugali wake, akasikiliza matusi yake kwa walevi wake, kisha akarudi mjini na jiwe.

Aliingia nalo kwenye Baraza la Mawaziri. Akaligonga mezani, likalia kama chuma, na mawaziri wakatabasamu. Kisha akaomba glasi ya maji, akalitumbukiza. Jiwe likatoa mapovu, likapasuka, na kabla chai haijamiminwa lilikuwa limeshakuwa uji wa mtama.

"Waheshimiwa," akasema, "mwamba wa Mtitima ndio huu. Ukiwa mkavu unamdanganya kila mtu. Mkijaza maji nyuma ya ukuta, mwamba utalainika, ukuta utaondoka, na watu wote wa bondeni wataondoka nao."

Waziri Mkuu, Mheshimiwa Sostenes Ndimbo, akaitazama ile glasi kwa makini. Kila mtu alitegemea angeuliza habari za mwamba. Yeye akauliza, "Mtu mwenye kipaji namna hii, kwa nini bado yuko daraja la chini?"

Hapo ndipo Profesa alipokwisha. Kwetu, mtu akiona ufa hatuzibi ufa. Tunampandisha cheo aliyeuona, na tunaendelea kumpandisha mpaka afike mahali ambapo ufa hauonekani tena. Bahati nzuri Mkuu wa Nchi aliyekuwapo, naye zamani alikuwa daktari wa macho, alikuwa ametoka kufariki kwa uchovu wa dhifa. Kiti kilikuwa wazi. Profesa akaapishwa akiwa bado na vumbi la Mtitima kwenye viatu.

Katiba yetu iko wazi. Serikali ni Waziri Mkuu. Mkuu wa Nchi ni pambo la taifa, na pambo halina maoni. Kwa hiyo maoni yote aliyowahi kuwa nayo yalifutwa, tena kwa heshima, kwa wimbo wa taifa. Kesho yake Baraza likakutana na kupitisha azimio kwamba mwamba wa Mtitima ni mgumu. Lilipita kwa kauli moja.

"Nilikubali kwa sababu nilidhani nikiwa juu watanisikia," Profesa aliniambia baadaye.

"Mheshimiwa," nikamjibu, "huko juu hakuna aliyewahi kusikika."

* * *

Tukaanza kazi. Tulizindua soko, tukazindua choo cha soko, na siku nyingine tukazindua kibao kinachoonyesha choo kilipo. Tulizindua kivuko cha waenda kwa miguu katika barabara ambayo bado ilikuwa kwenye michoro. Profesa alikuwa na kasoro moja kubwa: aliuliza maswali. Pale chooni, badala ya kukata utepe na kupunga mkono, aliuliza kama kuna maji. Mkurugenzi wa halmashauri alizimia, na sherehe ikasimama mpaka alipopepewa.

Kisha tukaenda kuzindua zahanati moja ya mbali. Jengo zuri, rangi mbichi, vitanda bado viko ndani ya nailoni. Lakini buibui walikuwa wametanda kila kona, na magugu yamefika madirishani. Profesa akamwita muuguzi.

"Hii imekamilika lini?"

"Zamani, mheshimiwa. Mwaka juzi."

"Na wagonjwa mnawatibia wapi?"

"Pale chini ya mkorosho, mheshimiwa. Hata wajawazito wanajifungulia pale."

"Nani amewazuia kuingia?"

Muuguzi akanyoosha kidole mlangoni. Pale palikuwa na utepe, umepauka kwa jua, umefungwa fundo la ua.

"Tulikuwa tunamsubiri mgeni rasmi," akasema.

Sikuona ajabu yoyote. Kitu kisichozinduliwa hakijawa kitu, hata mtoto wa shule anajua. Lakini Profesa alisimama mbele ya ule utepe akitetemeka kwa hasira mpaka nikahofia mkasi ungemkata. Alipoukata, aliukata kana kwamba unamdai. Tukapanda gari, tukafika lami.

"Bwana Mkasi," akaniita, "lile bwawa la Mtitima limefikia wapi?"

"Limekwisha, mheshimiwa. Utepe umefungwa kwenye usukani wa lango. Ukiukata, fundi anazungusha usukani, lango linafunga, maji yanaanza kujaa."

"Na nisipoukata?"

Katika utumishi wangu wote sikuwahi kuulizwa swali hilo.

"Halijawahi kutokea, mheshimiwa. Nadhani mto utaendelea kupita tu."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu aapishwe.

* * *

Kuanzia hapo akawa mtu wa kuumwa. Siku ya kwanza ya uzinduzi wa bwawa alipatwa na mafua. Ya pili ilimkuta msibani. Ya tatu tuliondoka vizuri, lakini kila penye mlima uliokatwa na barabara alisimamisha msafara, akashuka kuangalia mawe, na jioni ikatukuta njiani. Mtitima watu walikuwa wanasubiri. Nchini kwetu sherehe haianzi bila mgeni rasmi, na mtu haondoki. Watoto wa halaiki walisimama juani tangu asubuhi na vitambaa vyao, wengine wakaanguka. Profesa alipoambiwa habari hiyo alikaa chini akashika kichwa. Hata kule kuchelewa, silaha pekee aliyokuwa nayo, kulikuwa kunawaumiza walewale aliotaka kuwaokoa.

Waziri Mkuu akaja kumjulia hali. Alileta matunda.

"Profesa, ndugu yangu, afya inaendeleaje?"

"Mimi mzima, Sostenes. Mgonjwa ni mwamba."

"Mwamba tulishaupitisha."

"Nani aliupitisha?"

"Baraza zima. Waziri wa Utamaduni ndiye aliyetoa hoja, tena alizungumza vizuri sana."

"Watu watakufa, Sostenes. Sikwambii kwa mafumbo. Watoto, wazee, mbuzi, wote."

"Usitumie lugha hiyo ukiwa umekalia samani za serikali," Waziri Mkuu akasema kwa upole, akamenya chungwa. "Sikiliza. Ukiumwa tena hatuahirishi. Utawakilishwa. Hotuba yako itasomwa kwa niaba yako, na ndani yake utasema kwamba wewe, kama mwanasayansi, umekagua na umeridhika."

"Sijaridhika!"

"Kwenye hotuba umeridhika. Nimeisoma mwenyewe. Imenigusa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mtu aliyezoea kubishana na mawe hana maandalizi ya kubishana na Baraza. Profesa akasema atakwenda Mtitima mwenyewe.

* * *

Siku ikafika. Mtitima ilipambwa, kwaya ikavaa sare, na kinamama walikuwa wamejifunga khanga zenye picha ya Profesa. Mama Editruda alikuwa mstari wa mbele, akimwambia kila aliyekuwa karibu, "Huyo unayemwona amelala kwangu! Godoro lake bado ninalo!"

Profesa akapanda jukwaani. Akaikunja hotuba aliyopewa, akaitia mfukoni. Waziri Mkuu akaacha kutabasamu kwa upande mmoja wa uso.

"Ndugu zangu wa Mtitima," Profesa akasema, "ukuta huu utabomoka."

Makofi.

Wasilaumiwe. Tumewafundisha tangu shule ya msingi kwamba mkubwa akinyamaza, ni zamu yako kupiga makofi. Mshereheshaji akadaka kipaza sauti: "Mheshimiwa leo yuko na utani wake! Makofi ya kilo!" Yakapigwa ya kilo.

"Sitanii! Mwamba huu ukiloa unakuwa tope! Mtakufa!"

Vigelegele.

"Hameni!" Profesa akapiga kelele, mishipa imemtoka shingoni. "Nawaomba, hameni!"

Hapo kiongozi wa kwaya, kijana mwenye kipaji kwa kweli, akaona asipoteze nafasi. Akaanzisha, na wenzake wakadakia sauti ya pili na ya tatu: *Hameni, baba kasema hameni, tuhame na maendeleo!* Ngoma ikaingia. Uwanja mzima ukainuka kucheza, palepale ulipo, bila mtu kuhama hata hatua. Mama Editruda alicheza mpaka kilemba kikaanguka. Profesa alikuwa bado anasema, midomo ilikuwa inakwenda, lakini fundi mitambo alikuwa ameshapandisha sauti ya kwaya.

Wakamteremsha mpaka kwenye usukani wa lango. Nikapiga goti, nikamtolea mkasi. Akauchukua, akauweka kwenye utepe, kisha akasimama hivyo hivyo.

"Kata," Waziri Mkuu akanong'ona.

"Sikati."

Tukasimama. Mgeni rasmi asipoondoka, hakuna anayeondoka. Akisimama, hakuna anayekaa. Jua likapanda. Jasho likawatoka mawaziri, likaingia kwenye suti. Balozi mmoja akaegemea nguzo. Mimi magoti yaliwaka moto, na nakiri kwamba moyoni nilimwambia, kaza hapohapo, Profesa, kaza. Nilishangaa kujisikia nikisema hivyo.

Lakini Waziri Mkuu hakuwa Waziri Mkuu kwa bahati. Akageuka kwenye kamera, meno yote nje. "Mheshimiwa kwa unyenyekevu wake hataki kukata peke yake! Anatukaribisha!" Akauweka mkono wake juu ya mkono wa Profesa, kama bwana harusi kwenye keki. Waziri wa Nishati akaweka wake. Waziri wa Utamaduni akaweka wake, na mkuu wa mkoa, na mkandarasi, na balozi aliyekuwa ameegemea nguzo. Nilimwona Profesa akivuta. Nilisikia akisema "hapana, hapana". Wakabana wote kwa pamoja, na utepe ukakatika.

Picha ilitoka kwenye magazeti yote. Viongozi wanacheka, mmoja analia. Maelezo chini ya picha yalisema ni machozi ya furaha.

* * *

Usiku huo tulilala kwenye nyumba ya wageni ya wilaya. Profesa hakutaka kula. Akatoka uani kupunga upepo, akakuta mtaa mzima uko kimya, milango imefungwa, hata mbwa hakuna. Akamwita mkuu wa ulinzi wake, Kanali Bazili, mtu asiyecheka na asiye na mashaka.

"Kanali, watu wa mtaa huu wako wapi?"

"Nimewaondoa, mheshimiwa. Kwa usalama wako."

"Wote? Mara hii?"

"Malori matatu, mheshimiwa. Ni kawaida. Unapolala wewe, haruhusiwi kulala mwananchi karibu."

"Na waliokataa?"

"Kukataa hakumo kwenye utaratibu, mheshimiwa."

Profesa akapiga hesabu kichwani. Maneno yake yote, na lile jiwe lake, na koo lake alilolipasua jukwaani, havikuwa vimemhamisha hata kuku. Huyu bwana alikuwa amehamisha mtaa kabla ya chakula cha jioni.

Asubuhi akatangaza kwamba amechoka na anahitaji mapumziko. Angependa kupumzika Mtitima, chini ya bwawa, katika nyumba ya Mama Editruda. Waziri Mkuu alifurahi mno. Mkuu wa Nchi aliye likizoni ndiye Mkuu wa Nchi bora kabisa, na akiwa chini ya ukuta ni tangazo zuri la ukuta. Akatuma matunda mengine.

"Eneo la usalama liwe kubwa kiasi gani, mheshimiwa?" Kanali akauliza.

Profesa akachukua kijiti, akachora mchangani. Alichora kwa uangalifu, bonde lote, kila mahali ambapo maji yangefika. Tangu awe Mkuu wa Nchi, ndio ushauri wake pekee uliotekelezwa, tena ulitekelezwa siku hiyohiyo.

Kanali aliwatoa watu wote. Aliwatoa na mbuzi, kwa kuwa mbuzi anaweza kufungwa bomu, na kuku, na mizinga ya nyuki, na mgonjwa aliyebebwa na kitanda chake. Kulikuwa na vilio na vitako vya bunduki, sitaki kuwaficha. Mama Editruda alikutana na Profesa mlangoni kwake, yeye anatolewa, mwenzake anaingia.

"Anatoli! Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Nikulishe, nikufulie, leo unifukuze kwangu na lori?"

"Ndiyo, mama. Panda."

Akamtemea mate. Yakatua kwenye nembo ya taifa kifuani pake. Kanali akasogea, Profesa akamzuia kwa mkono.

Walinzi wakapangwa kilimani, kwenye mpaka wa eneo la usalama, kwa amri yake. Chini akabaki yeye peke yake. Kila asubuhi niliteremka na chupa ya chai, na kila asubuhi nilimkuta ametoka kuangalia ukuta. Mvua zilikuwa zimeanza. Maji yalikuwa yanapanda.

"Mheshimiwa, ondoka basi," nikamwambia siku moja. "Umeshawatoa. Panda na wewe."

"Nikipanda, watarudi jioni hiyohiyo. Anayelindwa ni mimi, Bwana Mkasi. Wao wameondolewa njiani tu." Akanywa chai. "Mvua zikiisha na ukuta bado umesimama, basi nilikosea. Sijawahi kuomba kukosea kama ninavyoomba sasa. Wanasemaje huko juu?"

"Wanakutukana, mheshimiwa."

"Mama Editruda?"

"Huyo ndiye kiranja wao."

"Vizuri," akasema. "Nikiwasikia najua wako kule."

Ilikuwa kweli. Kila kulipokucha Mama Editruda alisimama kwenye ukingo wa kilima, mikono kiunoni, akaporomosha matusi yaliyovuka bonde zima. Mla ugali asiye na shukrani. Mwizi wa vitanda. Profesa wa kokoto. Aliendelea mpaka Profesa atoke nje amnyooshee mkono, ndipo alipokwenda kutafuta kuni. Waziri Mkuu aliposikia alitaka akamatwe, lakini Profesa alikataa katakata, na kwa kuwa alikuwa likizoni hawakutaka kumsumbua.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ya kuteremka ilikuwa utelezi, nikachelewa na chai. Mama Editruda alikuwa ameshaanza. Profesa alikuwa ametoka nje, anatazama juu, na mama alikuwa amefika katikati ya tusi refu, linaloanzia kwa babu yake Profesa na kuteremka kizazi hadi kizazi, ukuta ulipoachia. Haukutoa mlio mkubwa. Uliinama kwanza, kisha bonde lote likawa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Tulipotazama pale palipokuwa na nyumba, hapakuwa na nyumba.

Mama Editruda alikuwa bado ameinua mkono. Hakulimalizia lile tusi. Alikaa chini kwenye tope, na watu wa Mtitima, wote, pamoja na mbuzi wao, wakakaa.

* * *

Serikali ilitenda haraka. Ilitangaza maombolezo, ikasema janga lile lisingeweza kutabiriwa na mwanasayansi yeyote, na ikajipongeza kwa kuwahamisha wananchi kwa wakati. Mtaalamu wa hali ya hewa aliyeuliza swali redioni tayari anapimwa suti ya kuapishiwa.

Kisha ikaandaliwa sherehe ya shukrani, palepale kilimani. Mgeni rasmi alikuwa Waziri Mkuu. Mama Editruda aliteuliwa kuishukuru Serikali kwa niaba ya walionusurika, akaandikiwa la kusema, akavalishwa khanga mpya. Mshereheshaji akampa kipaza sauti na kumwombea makofi ya kilo. Mama akayasubiri yaishe. Karatasi akaiachia upepo.

Akalimalizia lile tusi. Alianzia palepale alipokuwa ameishia, na hakuruka kizazi hata kimoja. Lakini siku hiyo hakuwa anatazama bondeni. Alikuwa anatazama meza kuu, na mimi nilikuwa nimekaa pale, mkasi wangu mapajani.